Umewahi Kukamatwa? Niliyojifunza Nikijaza Fomu za Uhamiaji Nakuru

Fomu ya visa ya uhamiaji ya Marekani, ile DS-260, ina swali linalowanyamazisha watu. Linauliza kama umewahi kukamatwa au kupatikana na hatia ya kosa lolote, hata kama baadaye ulisamehewa. Nina saiba hapa Nakuru, si mbali na steji ya matatu, na kwa miaka mingi nimewajazia fomu hiyo na nyingine za aina yake majirani, wateja na watu wa ukoo wangu. Maswali ya jina, mahali pa kuzaliwa, shule na kazi tunayapita haraka. Tukifika kwa lile la kukamatwa, mtu anageuka kutazama nani yuko nyuma yake, anasogeza kiti, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini: "Hata ile ya faini inahesabika?"

Inahesabika. Lakini kulijibu swali ni jambo moja na kunyimwa visa ni jambo lingine, na nimeona watu wakipoteza nafasi ya maisha kwa kuyachanganya hayo mawili. Kosa dogo mara nyingi halimfungii mtu mlango wa Marekani. Wengi wanafungiwa na uongo walioandika ili kulificha, au na karatasi za mahakama ambazo hawakuzitafuta mapema.

Hapa kwetu tukisema kosa dogo tunamaanisha ulilala seli, asubuhi mkapangwa mbele ya hakimu, ukakubali shtaka, ukalipa faini na kurudi kazini. Ulevi na fujo, kuchuuza bila leseni, kubeba abiria kupita kiasi, kupigana sokoni. Faini ikishalipwa, tunaona mambo yamekwisha. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haipimi kosa kwa faini uliyolipa. Inataka kujua kosa lenyewe ni la aina gani, sheria ingeweza kukupa adhabu ya juu kiasi gani, hakimu alikuhukumu nini, ulikuwa na umri gani siku ile, na kama ni kosa lako la pekee. Mtu aliyelipa shilingi elfu mbili kwa wizi wa kuku anaweza kuwa na shida kubwa kuliko aliyelipa elfu hamsini kwa makosa ya barabarani. Ukiwaambia watu hivyo wanashangaa, nami nawaelewa.

Tangu 1891 sheria zao zimekuwa zikiwazuia wageni waliopatikana na makosa wanayoyaweka kwenye fungu la upotovu wa maadili. Bunge lao halikuorodhesha makosa hayo. Mahakama ndizo zilizoyachambua, kesi moja baada ya nyingine. Wizi umo. Ulaghai umo. Ulevi wa hadharani, fujo za kawaida na makosa ya trafiki kwa jumla hayamo. Na hata kwa aliye na kosa lililomo, sheria yao kuu ya uhamiaji, ile ya 1952 pamoja na marekebisho yake, imeacha nafuu mbili. Ya kwanza ni ya kosa dogo: liwe ni kosa moja tu la fungu hilo, adhabu yake ya juu kabisa isizidi mwaka mmoja jela, na kifungo ulichohukumiwa kisizidi miezi sita. Hiyo miezi sita inahesabiwa hata kama hukukaa ndani siku moja. Ukihukumiwa miezi minane ya kifungo cha nje, ukaendelea kulala kwako na kufungua duka lako kila asubuhi, kwao wewe ulihukumiwa miezi minane. Nafuu ya pili ni ya umri, nami nitaieleza kupitia kijana mmoja.

Kwanza nimtaje makanga mmoja, kwa sababu kesi yake ilikuwa rahisi. Serikali ilipotangaza kafyu mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, watu wengi mjini walishikwa wakiwa njiani kurudi nyumbani. Kafyu ilidumu hadi Oktoba 2021. Huyu makanga alishikwa usiku gari lilipoharibikia njiani, akapelekwa kortini na wenzake, akalipa faini. Miaka michache baadaye mke wake, ambaye ni muuguzi, alipata kazi Marekani na familia nzima ikaanza kushughulikia visa. Yeye hakulala kwa wasiwasi. Tulichofanya ni kuandika ndiyo, tukaeleza kwa sentensi mbili kilichotokea, na akaenda ubalozini Nairobi na nakala ya hukumu na risiti ya faini. Afisa alisoma, akauliza kama kulikuwa na kesi nyingine, akaendelea na maswali ya kazi ya mke. Kutoka nje wakati wa kafyu hakumo kwenye fungu lile hata kidogo.

Kijana ninayetaka kumzungumzia kwa kirefu ni wa mtaa wa Kaptembwo. Alishinda bahati nasibu ya grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, akiwa na miaka 24, akaja na mama yake wakiwa na furaha ambayo ilijaza kibanda changu. Tulipofika kwa swali lile, mama aliinuka akasema anaenda kununua maji. Kijana akabaki ananiangalia. "Anti," akasema, "nilipokuwa kidato cha tatu nilishikwa na simu ya mtu." Alikuwa na miaka 17. Alipelekwa mahakama ya watoto, akakiri, akawekwa chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa mwaka mmoja, akaumaliza bila tatizo, akarudi shule, akafanya mtihani.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa amemwona broka wa visa, mmoja wa wale wanaotembea na faili mkononi na kujiita mawakala. Broka alimwambia aandike hapana. Hoja yake ilikuwa kwamba kesi ya mtoto haiko kwenye kompyuta yoyote, na ushahidi ni kwamba cheti chake cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, DCI, kilikuwa kimetoka safi. Ni kweli cheti kilikuwa safi. Nilikishika mkononi. Na hapo ndipo ushauri ule ulipokuwa na sumu, kwa sababu ulifanana na ukweli.

Nilimsomea swali tena polepole. Halikusema "cheti chako kinasemaje". Lilisema, umewahi kukamatwa. Kukamatwa alikamatwa. Na siku ya mahojiano mwombaji anainua mkono wa kulia na kuapa kwamba aliyoyaandika ni kweli, kisha afisa anaweza kumuuliza swali lile lile ana kwa ana. Kijana wa miaka 24 ambaye hajazoea kudanganya anaulizwa na mtu aliyefanya kazi hiyo miaka, mama yake akiwa amebaki nyumbani na maombi. Sikutaka afike hapo na uongo mdomoni.

Tena uongo usingekuwa na faida yoyote. Kwa kosa la mtu mzima angekuwa taabani, maana kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweka adhabu ya wizi hadi miaka mitatu, na nafuu ya kosa dogo inaishia kwenye mwaka mmoja. Lakini nafuu ya pili ilikuwa yake kabisa. Sheria yao inasema kwamba kosa moja lililotendwa kabla ya kutimiza miaka 18 halimzuii mtu, ikiwa limepita zaidi ya miaka mitano kabla ya kuomba visa, na kama alifungwa, ametoka zaidi ya miaka mitano iliyopita. Yeye hakufungwa, na miaka ilikuwa imepita. Isitoshe, Sheria yetu ya Watoto ya 2001, iliyokuwa ikitumika wakati ule, haikuruhusu hata maneno "kupatikana na hatia" na "hukumu" yatumike kwa mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Basi alikuwa anashauriwa afiche kitu ambacho, kikitolewa na karatasi zake, hakimzuii, lakini kikifichwa na kugunduliwa, kinaweza kumzuia maisha yake yote.

Kwa hiyo tuliandika ndiyo, na kazi ikawa karatasi.

Watu hawajui ugumu wa kupata faili ya zamani ya mahakama mpaka waitafute. Kijana hakukumbuka nambari ya kesi. Alikumbuka hakimu alikuwa mwanamke na kwamba mvua ilinyesha. Mama yake ndiye aliyetuokoa: alikuwa na bahasha ya kaki iliyoweka kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo na karatasi zote za mwanawe, na ndani yake mlikuwa na risiti ya dhamana yenye nambari ya kesi kwa wino wa bluu uliofifia. Kwa nambari hiyo tuliandika barua kwa masijala kuomba nakala zilizothibitishwa za shtaka, mwenendo wa kesi na amri ya mwisho. Karani wa kwanza alisema faili za watoto zimehamishwa. Wa pili alisema zipo ila ghala limefungwa na mwenye ufunguo yuko likizo. Mama alikuwa anaenda pale kila mara na kukaa kwenye benchi bila kugombana na mtu, hadi karani mmoja mzee akaingia mwenyewe ghalani akatoka na faili lenye vumbi na kona zilizoliwa na mende. Waligonga muhuri kila ukurasa. Afisa wa probesheni naye akatoa barua kwamba uangalizi ulimalizika vizuri na tarehe ulipoishia.

Haraka yote hii ilikuwa na sababu. Visa za bahati nasibu hutolewa ndani ya mwaka wa fedha wa serikali yao, unaoisha tarehe 30 Septemba. Saa sita usiku ikipita, nafasi imekufa hata kama karatasi zako ni safi na afisa anakuhurumia. Ndiyo maana sasa mtu akinijia na habari ya ushindi, kabla ya kumuuliza habari ya picha na vyeti vya shule, namuuliza kama amewahi kufika kortini. Picha unapiga leo. Faili la korti linaweza kukutoa jasho hadi msimu upite.

Kijana aliniambia baadaye jinsi mahojiano yalivyoenda. Afisa aliweka cheti cha kuzaliwa kando ya amri ya mahakama, akalinganisha tarehe, akamwambia aeleze kilichotokea kwa maneno yake mwenyewe. Alieleza. Aliambiwa karatasi zitapitiwa zaidi, akarudi nyumbani bila jibu, na familia nzima ikaishi kwa roho mkononi. Visa ilitoka kabla ya Septemba kuisha.

Kuhusu mabroka, nasema bila kuficha kwamba wananiumiza. Ada ya visa ya bahati nasibu ni dola 330, na hairudishwi ukinyimwa. Broka hailipi hiyo. Unailipa wewe, mara nyingi kwa pesa za mchango, ng'ombe aliyeuzwa, mkopo wa chama. Akikwambia uandike hapana, hayupo dirishani ukiulizwa. Ukipatikana umedanganya kuhusu jambo ambalo lingeweza kubadili uamuzi, sheria yao inakuzuia moja kwa moja, na njia ya kuomba usamehewe ipo kwa aliye na mume, mke au mzazi ambaye ni raia wa Marekani au mkazi wa kudumu, tena athibitishe kwamba jamaa huyo atateseka kupita kiasi. Kijana wa Kaptembwo hakuwa na yeyote kule. Angekuwa amezikwa akiwa hai kwa neno moja la fomu. Nimeshamfukuza mlangoni pangu mtu aliyetaka nimchapie cheti cha tabia njema cha bandia, na nitaendelea kuwafukuza wa aina yake.

Mwingine niliyejifunza kwake mengi ni binamu yangu, ambaye anaishi Texas. Alikuwa na grini kadi, na hajamaliza miaka mitatu kule, alipokamatwa akitoka dukani na vitu ambavyo havikupitishwa kwenye mashine ya kujilipia. Bei ya vitu ilitosha kulifanya kosa la daraja A, ambalo kule adhabu yake inafika mwaka mmoja jela. Alipewa mpango ambao kila mtu alimwambia ni zawadi: akiri kosa, akae chini ya uangalizi kwa muda, asifanye kosa lingine, na mwishowe kesi ifutwe bila hakimu kutamka kwamba ana hatia. Wenzake wa kanisani walimwambia achukue mbio. Alinipigia simu usiku, akaniuliza mimi naona vipi, kwa kuwa nashinda na mambo ya fomu.

Nilimwambia jambo moja tu, kwamba asikiri chochote kabla wakili wake hajajua ana grini kadi na imekaa muda gani. Katika sheria ya uhamiaji, tangu mabadiliko ya 1996, ukikiri kosa na ukapewa adhabu au kizuizi chochote juu ya uhuru wako, umepatikana na hatia, hata kama mahakama ya jimbo inasema haujapatikana na hata kama faili limefutwa baadaye. Ule mpango uliokuwa zawadi kwa jirani yake aliyezaliwa Marekani ungekuwa hati ya kufukuzwa kwa binamu yangu. Maana sheria yao inasema aliyetenda kosa la fungu lile ndani ya miaka mitano tangu aingie, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika mwaka mmoja au zaidi, anaweza kufukuzwa nchini.

Angalia hapo jinsi mwaka mmoja unavyokata pande mbili. Nafuu ya kosa dogo inamsaidia anayeomba kuingia ikiwa adhabu ya juu haizidi mwaka. Lakini aliye ndani tayari anafukuzika ikiwa adhabu inaweza kufika mwaka huo huo kamili. Kosa moja, lenye adhabu ya mwaka mmoja barabara, linamruhusu mtu kuingia na linamtoa aliyeingia. Kwa sababu ya siku hiyo moja, majimbo kadhaa yamepunguza adhabu ya juu ya makosa madogo kuwa siku 364: Washington mwaka 2011, California 2015, New York 2019. Nilipoanza kuelewa habari hii nilikaa nikimfikiria mtu ambaye watoto wake wanazaliwa kule, ana nyumba, ana kazi, na maisha yake yote yamening'inia kwenye siku ya 365.

Wakili wa binamu yangu, aliyepewa na mahakama, aliuliza. Kuuliza huko si hisani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Machi 2010, katika kesi ya José Padilla na jimbo la Kentucky, kwamba wakili wa kesi ya jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamweka katika hatari ya kufukuzwa. Padilla alikuwa dereva wa lori, mkazi halali kwa zaidi ya miaka 40, tena aliyewahi kuwa askari wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Wakili wake alikuwa amemwambia asijali mambo ya uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Alikiri, akajikuta mbele ya kufukuzwa. Wengi wanaonufaika na kesi yake leo hawajawahi kusikia jina lake.

Basi wakili alizungumza na mwenzake wa uhamiaji, wakarudi kwa kiongozi wa mashtaka na ombi ambalo kwa wengine lingeonekana la kipumbavu: kosa lishushwe hadi daraja B, ambalo adhabu yake ya juu ni siku 180, na binamu yangu alipe faini na kufanya kazi za jamii, badala ya ule mpango wa kufutiwa kesi. Walikubaliwa. Akawa na kosa kwenye rekodi ya jimbo, lakini si la kumfukuzisha. Baba yake alipofariki, tulimzika Molo, na binamu yangu alikuja mazishini akiwa na nakala za hukumu zilizothibitishwa ndani ya mkoba wa mkononi, kwa kuwa mwenye grini kadi aliye na kosa la fungu lile anaporudi kutoka safari anaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, isipokuwa nafuu ya kosa dogo imfunike. Uwanja wa ndege walimweka kando, wakasoma karatasi, wakampitisha. Wapo wanaoshindwa kuzika wazazi wao kwa hofu ya safari hiyo ya kurudi, na sehemu ya hofu hiyo ingeondoka wangeonyesha tu hukumu yao kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi.

Kwa walio kule bila vibali mambo yamekaza zaidi. Tangu Januari 2025, sheria inayoitwa Laken Riley inalazimisha mtu aliyeingia bila ruhusa azuiliwe akishikwa au kushtakiwa kwa wizi, hata wa dukani, kabla hata kesi haijasikizwa. Wana wetu walio huko wajue hivyo.

Pombe na usukani nayo watu huichukulia kimzaha. Kuendesha ukiwa umelewa, peke yake, kwa kawaida hakumo kwenye fungu la upotovu wa maadili. Lakini ukipatikana na hatia mara mbili katika miaka inayochunguzwa unapoomba uraia wa Marekani, wanachukulia kwamba tabia yako si njema hadi uwathibitishie vinginevyo. Kanada wameenda mbali zaidi: tangu Desemba 2018 adhabu ya juu ya kosa hilo kule ni miaka 10, na kwa hiyo sheria yao ya uhamiaji inalihesabu kuwa uhalifu mzito. Vijana wetu wengi siku hizi wanatazama Kanada. Usiku mmoja wa kupulizishwa kile kifaa cha polisi pale njia ya Lanet unaweza kuwafuata hadi Toronto.

Ndiyo maana, ingawa kazi yangu ni fomu, siku hizi ninawasihi watu walio na kesi za hapa hapa. Mtu anakuja kutoa pesa za dhamana kwa M-Pesa, anasema mwanawe atakubali kosa kesho ili arudi kazini. Naye pengine hakufanya kosa hilo. Sheria yetu inaruhusu mengine. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaipa mahakama nafasi ya kuwapatanisha watu kwa makosa kama ya kupigana kwa kawaida, na kifungu cha 204 kinamruhusu mlalamishi kuondoa lalamiko lake kwa idhini ya mahakama. Mama mmoja wa Bondeni alifuata njia hiyo baada ya mwanawe kugombana na jirani kwa ajili ya ukuta. Walipatana mbele ya hakimu, wakapeana mikono, na karatasi inasema kesi imeondolewa. Kijana huyo akiulizwa siku moja kama amewahi kukamatwa, atasema ndiyo. Akiulizwa kama aliwahi kukiri au kupatikana na hatia, atasema hapana, na itakuwa kweli.

Wale ambao siwezi kuwapa matumaini ya haraka ni wa bangi. Dawa za kulevya hazina nafuu ya kosa dogo. Msokoto mmoja, faini ndogo, miaka mingi imepita, bado ni kizuizi. Hata kule kwenye majimbo yaliyoihalalisha, sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na kwa serikali kuu bangi bado ni haramu. Msamaha wa kuomba upo kwa kosa moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yako mwenyewe, na lazima uwe na jamaa wa karibu kule atakayeteseka usipopewa visa, au iwe imepita miaka 15 na uonyeshe umebadilika.

Nina fundi seremala mmoja, mzee wa heshima, ambaye binti yake ni raia wa Marekani na amemwombea visa ya mzazi. Zamani alishikwa na misokoto miwili, akakiri, akalipa. Tulipopata faili lake, shtaka lilitaja idadi ya misokoto na bei yake mtaani, kama kawaida ya mashtaka yetu, wala halikutaja uzito. Mzee alifurahi akidhani tumemaliza. Wakili wake wa Nairobi hakufurahi, kwa sababu hesabu inayomhusu ni ya gramu. Amerudi mahakamani kuomba ripoti ya mkemia wa serikali iliyokuwa ndani ya kesi ile, ambayo ndiyo huwa na uzito. Wakati huo huo binti anaandika maelezo ya ugonjwa wake na jinsi anavyomhitaji babake, hospitali yake imetuma barua, na mimi nachapa tafsiri za karatasi za Kiswahili zitakazoambatishwa. Swali la kukamatwa tulilijibu ndiyo, tukaacha nafasi ya maelezo wazi hadi ripoti hiyo ipatikane.